Huyo ni wa Nyumbani

Mwanamke mmoja alikuwa na mume, na alimpenda. Hilo naliweka wazi mapema, maana mkisikia yaliyompata mtataka kusema hakumpenda, na hapo mtakuwa mmejiokoa kirahisi mno. Alimpenda. Mbele za watu alimtaja kwa heshima, na mtu akimsema vibaya mumewe alikuwa tayari kugombana.

Aliitwa Naelijwa, wa huko milimani Upare, na mumewe aliitwa Eliamani. Nyumba aliijenga Eliamani. Migomba aliipanda Eliamani, mfereji wa maji aliuchimba yeye, hata kuku waliochakura uani walikuwa wa jasho lake. Kazi ya Naelijwa ilikuwa kupika, na kupika alijua haswa. Hakuna mgeni aliyeondoka pale na njaa: mashemeji, wanakwaya, akina mama wa kikundi, hata fundi aliyekuja kupima bati tu na kwenda zake. Mgeni akibisha hodi, sahani za maua zilitoka kabatini, kitambaa cheupe kikatandikwa mezani, na minofu ikapakuliwa.

Eliamani alikuwa akirudi shamba wageni wameshashiba. Alipita mlango wa nyuma, akakaa kwenye kigoda jikoni, akapewa kilichobaki. Mara nyingi kilichobaki ni ukoko wa wali, umekwanguliwa chini ya sufuria. Mgeni akiona haya na kuuliza mbona baba hajaitwa mezani, Naelijwa alicheka na kujibu neno ambalo sote tunalijua: "Mwacheni, huyo ni wa nyumbani."

Tena alilisema kwa mapenzi. Wa nyumbani hana makuu. Wa nyumbani haandaliwi, anajua yalivyo. Polepole akaanza kuwaambia watu kwamba mumewe anapenda ukoko kuliko nyama, watu wakaamini, naye mwenyewe akaamini. Mume hakuulizwa. Alikula, akashukuru, akarudi shamba.

Jumamosi moja walitarajiwa wageni wazito, wakubwa wa kwaya ya usharika wa ng'ambo ya bonde. Naelijwa alidamka, akachinjisha jogoo, akamuunga kwa nazi, akapika na wali. Meza ikapendeza. Adhuhuri simu ikalia: gari limekwama njiani, hawaji tena. Maskini, alibaki ameitazama meza ile na moyo ukimuuma, chakula chote kile na jasho lote lile. Ndipo akasikia jembe likiegeshwa kwenye ukuta wa jiko. Akajiambia, basi, kuliko kiharibike, ale mume wangu. Akamwita apite mbele, akae mezani.

Eliamani aliingia na tope miguuni. Alikitazama kitambaa cheupe, akazitazama sahani za maua, akatoka. Naelijwa alisikia maji yakimwagika uani. Mumewe aliporudi alikuwa amenawa mpaka miguu na kuvaa shati lake la ibada, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti, akauliza taratibu:

"Mama Nietiwe, umenipikia mimi?"

Naelijwa alishtuka. Ule uso ndio uliomshtua. Mtu mzima, mvi zimeshamwingia, na uso unamng'aa kama wa bwana harusi. Miaka yote alidhani mumewe hana habari na mambo ya mezani. Kumbe alikuwa na habari. Kila alipopita mlango wa nyuma alisikia harufu ya nyama, akaketi, akala ukoko, na alikuwa akingoja siku yake. Mkewe aliishi naye chini ya paa moja na asilijue hilo. Alitaka kujibu ndiyo. Neno dogo tu, nani angemkamata? Lakini mbele ya uso ule ulimi ulikataa uongo.

"Wageni hawakuja, Baba Nietiwe."

Eliamani hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alifungua vifungo vya shati taratibu, akalivua, akalikunja vizuri, akarudi jikoni na kukaa kwenye kigoda chake.

"Basi nipe ukoko," alisema. "Huo angalau ni wangu."

Naelijwa alibaki katikati ya nyumba aliyojengewa, chakula kinapoa. Alikuwa amelisha kijiji kizima kwa mali ya mtu yule, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi hata mara moja kuwasha moto kwa ajili yake.

Nanyi, ndugu zangu, mmekuja ibadani asubuhi hii kumletea Mungu saa ambazo hakuna mwingine aliyezitaka, na nguvu zilizobaki baada ya wengine wote kushiba. Nami nimo humohumo. Mwenye nyumba ameshanawa, amesimama nyuma ya kiti, anakutazama: akikuuliza kama umempikia yeye, utamjibu nini?