Kilimilimi na Gurudumu Kongwe

Paukwa!

Hamkuitika vizuri, nyie mlioko pembeni. Sogeeni, moto unawatosha wote. Paukwa!

Pakawa!

Ehee, sasa nimesikia. Basi hapo zamani, si zile za kale kabisa za babu wa babu, ni zamani zile magari yalipokuwa yangali yanasema na watu, palikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Mlalambo. Kijiji kizima kilikuwa na gari moja tu, jeupe, la kuwabeba wajawazito na wagonjwa mpaka hospitali iliyoko ng'ambo ya mto. Dereva wake alikuwa mwanamke, Nakiete, mrefu, wa maneno machache, ambaye hakuwahi kumwacha mgonjwa njiani.

Gari lile halikuwa na magurudumu kama haya tunayoyaona. Yale yalikuwa na mbavu ngumu kwa ndani. Upepo ukiisha hayakai chini, yanakwenda tu, kama mtu anayefunga na bado analima. Baraka kubwa hiyo. Lakini kila baraka ina kivuli chake. Kwa kuwa hayabonyei, huwezi kujua kwa macho lipi limeshiba na lipi lina njaa. Na likitembezwa mbali likiwa na njaa, linaungua ndani kwa ndani, halafu linapasuka.

Kwa hiyo aliwekwa mlinzi. Alikaa mbele ya usukani, mdogo kama punje ya kunde, jicho lake la manjano, na chini yake kitufe ambacho hakuna aliyekigusa. Watu walimwita Kilimilimi kwa sababu hakujua kuficha jambo. Gurudumu likipungukiwa upepo, jicho lake linawaka naye anaimba:

*Ti, ti, ti, kuna mwenye njaa,*
*nasema nisikiacho, sisemi nionacho,*
*ti, ti, ti, kuna mwenye njaa.*

Na wazee walikuwa wameweka sharti: Kilimilimi akiimba, gari lirudi kijijini. Lisivuke msitu, lisivuke mto.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wa Mlalambo. Wao hawabadilishi vitu vyote kwa pamoja. Bibi akifinyanga vyungu vipya, chungu kimoja cha zamani hubaki jikoni, kiwafundishe wageni namna ya kukaa na moto. Mikeka mipya ikiletwa, mkeka mmoja mkuukuu hubaki. Kwa hiyo magurudumu ya gari yalipoliwa na mawe ya mlima hata yakabaki vipara, wazee walileta mapya matatu, na la nne, la nyuma kushoto, wakaliacha palepale. Mzee Mchome akalipigapiga kwa kiganja, akasema, "Huyu ni bibi yao. Atawafundisha njia." Watu wakapiga vigelegele, wakaenda zao kula.

Hata wiki haikuisha, Nambua akashikwa na uchungu.

Nambua ni mdogo wake Nakiete, tumbo moja. Mkunga akampapasa, akapapasa tena, uso ukambadilika. Akamvuta Nakiete kando, akamwambia mtoto amelala ubavu, hawezi kutoka kwa mikono yake. Wamfikishe hospitali kabla mto haujajaa, maana kule juu wingu la mvua lilikuwa limeshatanda.

Nakiete hakuuliza la pili. Akamlaza mdogo wake kiti cha nyuma juu ya kanga tatu, akawasha gari, wakateremka.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Walipofika mwanzo wa msitu, jicho la manjano likawaka.

*Ti, ti, ti, kuna mwenye njaa...*

Nakiete akakanyaga breki. Akasimamisha gari, akashuka, akayatazama magurudumu. Yote manne yamesimama wima kama askari. Juu ya mti alikuwapo ngedere, mkia umening'inia, anakula matunda na kurusha makokwa.

"Bibiye, hayo hupigwa teke," akasema. "Likilia ngo, limeshiba. Likilia bu, lina njaa."

Nakiete akapiga teke. Ngo. Akapiga jingine. Ngo. Yote manne, ngo. Lakini akakumbuka kwamba yale magurudumu hata matupu ni magumu vilevile, akabaki na maumivu ya kidole tu, na ngedere akicheka mpaka akaangusha tunda lake.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Katikati ya msitu, Kilimilimi akaimba tena, kwa nguvu kuliko kwanza. Kunguru alikuwa ametua njiani, ameikunja shingo yake nyeupe kama hakimu.

"Sharti ni sharti," kunguru akasema. "Mlinzi amesema, wewe nani hata umpinge? Rudi."

Nakiete akageuka kutazama nyuma. Nambua alikuwa ameuma upindo wa kanga, jasho linamtiririka. Kurudi ni kumrudisha kwa mkunga aliyekwisha kunawa mikono. Kuendelea ni kuhatarisha gurudumu kupasuka msituni, mahali pasipo mtu. Akampigia kunguru honi, akaendelea, lakini mwendo wa kinyonga, mguu uko juu ya breki. Na kule mbele mto ulishaanza kuunguruma.

Walipotoka msituni, karibu na kivuko, Kilimilimi akaimba mara ya tatu, na safari hii hakunyamaza kabisa. Hapo kichakani akatoka fisi, anatembea kwa adabu, kichwa chini, kama mtu anayeingia msibani.

"Pole, shangazi," akasema. "Nimesikia wimbo tangu mbali. Gari likipasukia mtoni mtakufa wote. Mteremshe mgonjwa hapa kivulini, wewe ukimbie ukalete watu. Mimi nitakaa naye. Nitamlinda kama wangu."

"Kama wako wa kufanyaje?" akauliza Nakiete.

Fisi akameza mate.

Nakiete akafunga kioo. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuendesha akakosa la kufanya. Kilimilimi anaimba, mto unaunguruma, fisi amekaa kitako anangoja.

Basi kutoka kule nyuma, katikati ya uchungu mmoja na mwingine, Nambua akasema kwa sauti ndogo.

"Dada. Huyo mdudu anasema hasemi anachoona. Muulize basi, amejuaje?"

Angalieni, wajukuu. Miaka yote ile Kilimilimi aliimba, na watu wakatii au wakaogopa. Hakuna hata mmoja aliyepata kumwuliza.

"Kilimilimi," akasema Nakiete, "umejuaje kwamba kuna mwenye njaa?"

Kilimilimi akakatiza wimbo. Inaonekana alishangaa.

"Nasikiliza hatua," akajibu. "Mimi siwaoni, nimefungiwa humu. Wote wanne walikuwa wakienda sawa. Mwenye njaa husinyaa kidogo, hata macho yasipoona, akisinyaa hatua zake huwa fupi, hukimbia kuwafuata wenzake. Sasa wa nyuma kushoto anakimbia, anakimbia sana. Na tena, hao wengine watatu mwendo wao siujui. Ni kina nani?"

"Hukuambiwa?"

"Nani aniambie?"

Nakiete akafungua mlango, fisi akaruka pembeni. Akayapapasa magurudumu moja baada ya jingine kwa mgongo wa kiganja, kama mama anavyopima homa ya mtoto, maana gurudumu lenye njaa likitembezwa huchemka. Jipya la kwanza, vuguvugu. La pili, vuguvugu. La tatu, vuguvugu. Akafika kwa lile kongwe, akaweka mkono, akaubakiza pale.

Vuguvugu. Sawasawa na wenzake.

Kisha akapitisha kidole. Mapya yalikuwa na meno marefu, kidole kinazama. Kongwe lilikuwa laini kama ufizi. Akavuta kanga moja, akapima kimo cha jipya, akapima kimo cha kongwe. Kongwe lilikuwa fupi.

Nakiete akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, mpaka fisi akadhani kichaa kimemshika, akarudi nyuma hatua kadhaa. Kule Mlalambo, bibi harusi hajulishwi kwa mumewe tu. Anapelekwa nyumba kwa nyumba, hata mbwa wa jirani anaonyeshwa, asije akambwekea. Na hawa wageni watatu waliingizwa garini kwa vigelegele, mlinzi wa mlango asiambiwe kitu.

Akarudi ndani, akaweka kidole kwenye kile kitufe kilicho chini ya jicho la manjano, akakibonyeza bila kukiachia, na akasema kama wanavyosema wajulishaji:

"Kilimilimi, waliokuwamo wameondoka. Hawa watatu ni wageni, vijana, warefu. Wajue. Na huyu wa nyuma kushoto ni bibi yao. Amepungua kwa uzee, hakupungua kwa njaa. Mjue na yeye, na mwendo wake ndio huo."

Kilimilimi akafumba jicho.

Gari likaondoka taratibu. Likafika ukingoni, kimya. Likaingia majini, maji yakigonga milango, kimya. Likapanda ng'ambo ya pili, likitiririka maji kama ng'ombe aliyeogeshwa, na Kilimilimi kimya, anasikiliza tu. Nyuma yao mto ukajaa, ukafunika kivuko, na fisi akabaki upande ule na adabu zake.

Hospitalini wakampokea Nambua mbiombio. Nakiete akakaa chini mchangani, mgongo ameuegemeza kwenye lile gurudumu kongwe. Jua lilikuwa linaelekea magharibi aliposikia mtoto analia kule ndani. Kilio kikali, cha mtu aliyekasirishwa. Halafu muuguzi akatokea mlangoni, akamwambia ni msichana, na mama yake anaomba uji.

Nakiete akageuka. Akalipigapiga gurudumu. "Pole, bibi," akasema. "Tulikusingizia njaa."

Mto ulipopungua walirudi wote. Wazee wakalivua lile gurudumu kongwe kwa heshima, wakalilaza mlangoni kwa mkunga, liwe kiti cha wanaosubiri. Gari likapewa jipya la nne, na safari hiyo likajulishwa kwa mlinzi. Kilimilimi hakuacha kazi yake, na alipoimba tena, siku msumari ulipotoboa gurudumu, walimsikiliza. Ila tangu hapo, mtu wa Mlalambo akiletewa habari ya kutisha, kwanza anamkaribisha mletaji akae, kisha anamwuliza: umejuaje?

Na yule mtoto akakua, akawa muulizaji kuliko mama yake.

Hadithi yangu imeshukia hapo. Anayekwenda mbele, aendelee kwa miguu yake.