Pete Iliyozama Kwenye Tangi la Maji Machafu

Sogeeni. Nina kesi ya pete moja na watoto watatu. Baba yao ameshindwa kuiamua, nami nimeshindwa, ndiyo maana nimewaletea ninyi.

Watoto wenyewe ni hawa. Lugano, kifungua mimba, alikuwa mwanamke wa msimamo: akisema hapana, hata mvua ya Tukuyu haimwondoi alipo. Ambokile, wa kati, alikuwa fundi wa saa, na vidole vyake vilifanya kazi mahali jicho lisipofika. Sekela, kitinda mimba, alijaliwa subira. Angeweza kuchambua gunia la mchele bila kuinua kichwa.

Wazazi wao, Asajile na Tupokigwe, waliishi ndani ya gari. Lilikuwa basi kuukuu. Waling'oa viti, wakaweka kitanda, jiko, sinki na bafu, wakawa wanazunguka minadani kupima watu macho. Chini ya sakafu palikuwa na tangi la kupokea maji ya vyombo na ya kuoga. Tangi hilo lilikuwa kazi ya Tupokigwe. Kila Jumamosi alilimwaga shimoni, kisha akalisuuza kwa maji ya moto na sabuni, maana mafuta ya chakula yakiganda humo hunuka kama mzoga.

Alipougua, waliegesha gari nyumbani Tukuyu. Asajile alishinda kando ya kitanda chake, tangi akalisahau. Mkewe alikonda hata pete ya ndoa ikawa inacheza kidoleni. Asubuhi moja alijikongoja hadi kwenye sinki kuosha kikombe, akarudi kidole kitupu.

"Baba Lugano, pete imeniponyoka. Imeingia tangini."

"Nitaitoa."

"Usifungue koki ovyo, itaondoka na maji. Na ikipatikana, usinizike nayo. Mpe mtoto atakayeirudisha."

Kabla jua halijatua, alikuwa amekata roho.

Siku ya maziko tangi lilinuka hadi wageni wakaziba pua. Baba mdogo wa watoto aliona aibu. "Jeneza likitoka tu, wabaki vijana wawili walimwage hilo tangi," akaagiza.

Lugano akaenda kukaa kwenye koki. "Baba mdogo, unisamehe. Hapa hafungui mtu, pete ya mama imo humu."

Watu wakaondoka na jeneza, yeye akabaki. Nyimbo za kaburini alizisikia kwa mbali. Asajile alikitafuta kichwa cha binti yake kati ya waombolezaji, asikione.

Kesho yake koki ilikataa kufunguka, mafuta yameganda. Ambokile alimimina maji ya moto na sabuni kupitia sinki, akangoja, akamimina tena. Kisha akalala chali chini ya gari, akapenyeza mkono. Koki ikaachia ghafla, ikavunjika, na chuma chake kikamchana vidole viwili.

"Toa mkono, mwanangu, twende hospitali," Asajile alimsihi.

"Nikiutoa, maji yote yatakwenda mtaroni. Leteni ndoo, baba."

Akaziba tundu kwa kiganja chenye jeraha, akiyaachia maji kidogo kidogo, hadi ndoo ya kumi na nne ilipojaa. Vidole vile havikunjiki tena. Saa hatengenezi.

Sekela alichukua chekeche la unga, akaanza kuchuja. Siku nzima, na siku ya pili. Kwenye ndoo ya kumi na mbili Lugano mwenyewe alimshika bega.

"Mdogo wangu, basi. Tumejitahidi."

"Mama aliniita mara tatu akiwa mgonjwa, dada. Nikamwambia nitakuja Pasaka."

Hakuacha. Katika ndoo ya mwisho, ndani ya donge la mafuta, pete ilikuwamo.

Kesho ni arobaini, na Asajile ameahidi mbele ya ukoo kwamba ataitoa. Jana aliwaita wote watatu, akamtaka kila mmoja aseme.

"Sikumtupia mama hata udongo," alisema Lugano. "Nilikaa na maji yake machafu ili pete isipotee."

Ambokile aliweka mezani mkono wake ulioumia.

"Wao walikuwepo akiwa hai," alisema Sekela. "Mimi sina kitu kingine cha mama."

Asajile aliwatazama. Mkewe alimpa neno moja tu la kutimiza. Tangi lile alilisahau, na sasa anaogopa kwamba kwa pete hii atampoteza mtoto mmoja, au wawili, juu ya mke.

Bila Lugano, pete ingemwagwa shimoni siku ya maziko. Bila Ambokile, ingekwenda mtaroni. Bila Sekela, ingetupwa pamoja na tope. Marehemu alisema mtoto, hakusema watoto, na pete haikatwi vipande.

Nawauliza ninyi mnaonisikiliza: mngekuwa Asajile, kesho mngemvisha nani?