Mbuzi wa Maziwa wa Bi Lubaba

Tumepokea kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa zamani aliishi mwanamke mchamungu aitwaye Lubaba. Shoga yake, Unaysa, alijifungua, maziwa yakakataa kutoka. Lubaba akamfungua mbuzi wake wa pekee, akampelekea. Ndiyo iliyokuwa desturi ya watu wema wa mji ule: humpa jirani mnyama amkamue, maziwa yakawa sadaka, mnyama akabaki mali ya mwenyewe.

"Ngoja kwanza tuite mashahidi wawili," akasema Unaysa.

"Mashahidi wa nini, we mwanamke? Tangu lini mimi na wewe tukahitaji watu wa kati? Watadhani tumegombana!"

Wakacheka, yakaisha.

Kabla mtoto hajaota meno, homa ikamchukua Unaysa. Mumewe, Qays, aliyekuwa safarini na msafara wa ngamia, alirudi akakuta kaburi, kitoto kichanga, na mbuzi uani. Wakati huo Lubaba naye amejifungua, na kifua chake ni kikavu. Akaenda kumwomba mbuzi wake.

"Shemeji," Qays akamwambia kwa uchungu, "udongo wa kaburi la mke wangu haujakauka, nawe waja kumpokonya mwanawe mbuzi aliyeachiwa na mamaye?"

Lubaba akalia, wala hakumrudishia neno baya. Alijua mbuzi ni wake, na alijua hana wa kumshuhudia. Shauri likafika kwa kadhi.

"Una shahidi?" kadhi akamuuliza.

"Nilikuwa naye mmoja, bwana kadhi. Amezikwa."

Kadhi akamgeukia Qays. "Basi apa kwa Mola wako kwamba mbuzi alikuwa wa mkeo, umchukue."

Qays akafumbua kinywa aape, akakifumba. Akainamisha kichwa. "Sikuwapo. Siwezi kumwapia Mola jambo nisilolijua. Mpeni."

Lubaba akarudi na mbuzi, na kila asubuhi akawa anampelekea mtoto wa Unaysa nusu ya maziwa. Lakini shauri lilikuwa limechukua muda, na mtoto wa Lubaba mwenyewe alikuwa amenyong'onyea mno. Akamfia mikononi.

Baada ya maziko, Lubaba alibisha hodi kwa Qays, mkononi kamba ya mbuzi, nyuma yake majirani wawili.

"Shuhudieni," alisema, sauti imemkauka. "Mbuzi ni wangu. Maziwa ni ya mtoto huyu mpaka aachishwe ziwa. Siku hiyo mbuzi atarudi kwangu. Umeridhia, shemeji?"

"Nimeridhia." Qays akafuta machozi. "Huniamini tena, na una haki."

"Nakuamini, shemeji. Nisichokiamini ni kifo."

Ndugu zangu, tunapopeana kitu, tutaje ni kipi, ni cha nani na hadi lini. Kila mmoja aridhie, na wawepo wa kushuhudia. Hiyo si dhana mbaya. Ni huruma tunayowaachia wale watakaokuja kuutafuta ukweli wetu, nasi tumo kaburini, hatuwezi kuwajibu.