Kuchoka Si Dalili

Mtu mmoja, ndugu zangu, aliajiriwa kutazama panya. Naam, kutazama. Panya walitiwa katika sanduku la kioo, ukapulizwa humo mvuke wa kemikali ya kuyeyushia gundi viwandani, naye akaandika: dakika ya nne, macho yanatoa machozi, dakika ya tisa, manyoya yamesimama, dakika ya kumi na mbili, anayumba, anaburuta miguu ya nyuma.

Siku yake ya kwanza aliandika, "Panya amechoka." Msimamizi wake, mama asiyecheka ovyo, akalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu.

"Amekwambia amechoka?"

"Hapana, mama."

"Basi kuchoka si dalili. Andika ulichokiona."

Akajifunza. Kwa miaka sita hakukosea hata dakika moja.

Mkewe naye alipaka gundi soli za viatu, katika chumba cha kiwanda kisicho na dirisha. Jioni moja akarudi macho mekundu, akajigonga bega mlangoni.

"Baba watoto, leo tundu la kufuli nimelipapasa kama kipofu."

"Umechoka tu, mama watoto. Viatu vya watu vitakumaliza!" Wakacheka wote wawili. Khanga ya mkewe ilinuka ule mvuke. Mume akadhani ni shati lake mwenyewe.

Kesho yake ikawa vilevile, na siku iliyofuata. Siku ya nne mkewe akabebwa na wenzake wa kiwandani mpaka hospitali.

Daktari akamwuliza mume: "Machozi yalianza lini? Na kuyumba?"

Yule aliyejua dakika ya kila panya akainamisha kichwa. "Daktari, mimi... nilimwona amechoka."

Mkewe aliishi. Lakini hata leo hatembei ila kwa kushika ukuta.

Mnamlaumu? Haya. Mzazi wako anayekaa kitako kila baada ya hatua kumi, umemwandikia nini? "Uzee." Mtoto aliyeacha kuimba tangu mwezi uliopita? "Anakua." Jirani ambaye mlango wake haufunguliwi tena asubuhi? "Ana maringo." Tunalitia neno moja, tunafunga daftari, tunaomba chakula.

Mola hakutugawia macho ya kazini na macho ya nyumbani. Ni haya haya mawili. Leo tukifika majumbani mwetu, na ulimi ukitaka kusema, "Huyu amechoka tu," tujiulize kwanza, mimi nanyi: amekwambia?