Zamu ya Bi Fisimaji

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Nawe mama mwenye ungo, upumzishe mchele kidogo. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mpo.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi wa bibi yangu aliisikia tu, jua liliwaka likapitiliza. Mto ukakauka. Vijito vikakauka. Likabaki bwawa moja, na katikati ya bwawa jabali moja.

Bwawani waliishi watatu: Bi Fisimaji, Bata, na Mzee Kobe, yule kobe wa maji. Bi Fisimaji alikuwa na watoto wachanga shimoni, ukingoni pale pale, hata macho hawajafungua. Basi siku moja akatokea Mamba. Mto wake umekauka, analitaka bwawa. Wakamwambia karibu, tugawane. Hakutaka kugawana, alilitaka lote.

Sasa huko kwao palikuwa na mila. Anayetaka maji ya wenzake hapigani. Hukaa ukingoni akangoja, tangu jua lichomoze mpaka lichomoze tena. Wenye maji nao huogelea kulizunguka jabali, mchana na usiku, kwa zamu. Mmoja hatoki mpaka mwenzake aingie, wagusane uso kwa uso, aseme, "Nimekupokea." Maji yakikosa mwogeleaji, hata kwa kufumba na kufumbua, ni ya mgeni. Na anayelala majini si mwogeleaji, huyo ni gogo. Mamba na meno yake yote aliiheshimu mila hiyo.

Bi Fisimaji akawaza wanawe. Nje ya bwawa ni mchanga wa moto, mchanga mpaka macho yanapokomea. Angewapeleka wapi?

Jua likachomoza. Chubwi! Bi Fisimaji huyo ndani. Chapa chapa, chapa chapa! Hodari, hana mfano. Akazunguka, akazunguka, zamu yake ikaisha. Bata akaingia, wakagusana. "Nimekupokea, dada." Pata pata, pata pata, Bata akaenda zake. Mzee Kobe alikuwa amevuta kichwa ndani ya gamba, amelala.

Bi Fisimaji naye akajilaza. Lakini alilala na jicho moja wazi, na Mamba akaliona lile jicho. Akamwambia taratibu, kama jirani mwema, "Bi Fisimaji, mbona Bata anakwenda upande?"

Akaruka! Mbio ukingoni. Bata alikuwa anakwenda sawa kabisa. Hata hivyo akamfuata ukingo mzima, anamwelekeza: kaza, usilegee, shika kulia. Bata akamwambia yeye ni bata, alizaliwa na maji. Hakumsikia.

Ikaja zamu ya Mzee Kobe. Pwatu. Pwatu. Pwatu. Bata akaingiza kichwa chini ya bawa, akalala. Bi Fisimaji akafumba jicho, na Mamba akauliza tena, "Yule mzee anaogelea, au ameshakufa?"

Akaruka! Mbio ukingoni. Huku anakwenda, huku anarudi, mkono kichwani. Mzee Kobe alipopita karibu akamwambia, "Mwanangu, zamu hii ni yangu. Kalale."

"Nitalalaje?" akasema Bi Fisimaji. "Wanangu wamo shimoni, na wewe unajikokota kama bwana harusi asiyemtaka bibi."

Kobe akaenda zake. Pwatu. Pwatu.

Ikawa hivyo kutwa. Bata akilala, yeye macho. Kobe akilala, yeye macho. Zamu yake ikija, majini. Zamu yake ikiisha, mbio ukingoni. Jamani, kuogelea hakukumchosha kama kutoogelea!

Usiku ukaingia, usiku ukazeeka. Zamu ya mwisho, ya kulipokea jua, ilikuwa yake. Aliitaka mwenyewe, hakumwamini mtu nayo. Chubwi! Chapa chapa. Chapa. Cha. Miguu ikawa si yake. Kope zikashuka, akazipandisha, zikashuka. Mamba akainuka. Akanyoosha mguu, ukucha ukasimama juu ya maji kabisa.

Bi Fisimaji akaiona aibu, akawaona na wanawe. Aibu ilimwambia: umewasimanga mchana kutwa, leo uwaombe? Akaimeza aibu, chungu vile vile ilivyo. Akaita, "Mzee Kobe, nimeshindwa. Nipokee."

Kobe hakuuliza kitu. Alikuwa amelala usingizi wake wote, akaamka mzima. Tumbwi! Uso kwa uso. "Nimekupokea, mwanangu." Pwatu. Pwatu.

Bi Fisimaji akajiburuta mpaka mchangani, akaanguka. Mamba akamsogelea sikioni. Alitaka Bi Fisimaji arukie majini amvuruge mzee. Akanong'ona, "Bibi, Kobe anazama. Amka, wanao wanaangamia."

Wapi! Khoo. Khoo. Akamwita tena kwa sauti kubwa. Khoo, khoo, khoo!

Jua likatoa kichwa, likamkuta Mzee Kobe anazunguka kwa mwendo wake ule ule. Mamba akageuka, akaondoka zake kutafuta maji kwingine, mkia unachora mchanga. Watoto wakatambaa kutoka shimoni, wakamnyonya mama yao usingizini. Bata akakunjua bawa kumkinga jua. Wala hakuna aliyemwamsha.

Basi shikeni hili, wakubwa kwa wadogo: ukimpa mwenzako zamu, mpe na imani yako. Anayesimamia zamu za wote hushindwa na yake mwenyewe.

Ngano yangu imetoka majini, inajikausha. Na yule aliyelala tangu mwanzo msimsute, labda ndiye aliyenielewa.