Mashimo Aliyoyafukia Ngiri

Paukwa! Nasema tena, na mlioketi nyuma mnisikie: paukwa!

Pakawa!

Zamani sana, wanyama walipokuwa na baraza lao na hakimu wao, Bi Fisimaji aliishi msituni na mama yake mzee, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena. Walikaa mtoni. Walivua mtoni. Walilala wakisikia maji, chwaa, chwaa, chwaa.

Akaja Ngiri. Akachimba mashimo kando ya mto, akitafuta mafuta meusi ya kuuza nchi za mbali. Akachimba, akauza. Akachimba, akauza. Mafuta yakamwagika, yakatiririka hadi mtoni. Samaki wakafa. Wanyama wakahama. Bi Fisimaji akambeba mama yake mpaka kilimani, wakakaa kando ya kidimbwi cha mvua.

Mama hakupazoea. Kila kulipokucha aligeuza uso kule mto uliko, akanusa upepo, akauliza kama maji yameshapona. Bi Fisimaji alimjibu bado. Naye mwenyewe aliota anapiga mbizi, akaamka manyoya yake makavu.

Wanyama wakamshitaki Ngiri, na Hakimu Nyati akaamuru asafishe. Baadaye Ngiri akarudi barazani, akaapa kwamba uchafu wote ameuondoa. Nyati akamwamini, akatangaza kila mmoja arudi kwake.

Bi Fisimaji akashuka mbio, mama mgongoni. Ukingoni palikuwa na udongo mpya, mwekundu, umeota majani machanga. Mama akaingia majini, akacheka kama mtoto.

Mvua ikanyesha. Udongo ukalainika, na kutoka chini yake, bwata, bwata, bwata, mafuta yakapanda, yakamwagika tena mtoni. Kumbe Ngiri hakuondoa kitu. Alifukia tu. Manyoya ya mama yakagandamana, baridi ikamwingia kifuani. Bi Fisimaji akamrudisha kilimani, kisha akaenda barazani kumshitaki Ngiri kwa udanganyifu.

Ngiri hakutahayari. Alidai Bi Fisimaji ndiye mwongo, kwamba amempaka mama yake mafuta kwa mkono wake ili amchafulie jina. Wengine wakaanza kunong'ona kuwa huenda ni kweli.

Bi Fisimaji akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, ulitangaza mto ni safi, lakini hukushuka kuutazama. Shuka usimame pale ukingoni. Sina ombi jingine."

Nyati akashuka, baraza zima nyuma yake. Akakanyaga ule udongo mwekundu. Didi! Akazama hadi magotini, na alipovuta mguu, ulitoka mweusi.

"Ngiri, umenidanganya," akasema. "Nami nimewadanganya hawa kwa kinywa changu."

Ngiri akahukumiwa kufukua kila shimo na kuubeba uchafu mbali, baraza likimtazama. Mpaka leo ukimwona ngiri amepiga magoti anachimba, ni kazi ile ile, hajaimaliza.

Lakini mama alifia kule kilimani, akiwa ameelekeza uso mtoni. Bi Fisimaji bado yuko huko. Sasa ana watoto, anawafundisha kuogelea kidimbwini. Wakipiga maji kidogo tu, wanagonga ukingo. Hapo huwaambia, "Mtoni, hapa ndiyo kwanza mngekuwa mnaanza."

Basi jueni, wakubwa kwa wadogo: kufukia uchafu si kusafisha. Na anayeapa amesafisha hali amefukia, humwibia mwenzake mara mbili. Kwanza humwibia makao yake, kisha humwibia tumaini la kurudi.

Ngano yangu naitua hapa.