Kunde za Daftari

Kunde za daftari hazipikiki. Mmemsikia shangazi yenu akimrushia binti yake maneno hayo jikoni, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Mmefanya vyema kuja kwangu. Methali za milima hii ya Upare nazijua zote, na hakuna wa kunishinda. Ila msiniambie nizihesabu, darasa la nne nililikalia miaka miwili, na miaka yote miwili kilichoniangusha ni hesabu.

Methali hii ilianza hivi.

Kulikuwa na binti aitwaye Nakijwa, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya kata, huko juu ambako ukungu huingia darasani bila kubisha hodi. Nakijwa alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli. Mpira ukimfikia, mlinzi wa upande wa pili huanza kusali. Mwaka huo timu yao iliteuliwa kwenda mashindano ya mkoa, na Nakijwa aliitaka safari ile kuliko mtoto anavyoitaka sikukuu. Lakini mkuu wa shule alikuwa na sharti moja: hapandi basi mchezaji ambaye kazi zake za darasani hazijakamilika na kutiwa saini na kila mwalimu.

“Nitacheza, na kazi zote nitamaliza,” Nakijwa alimwambia rafiki yake Nanzia. “Wewe tazama tu.”

“Natazama,” alisema Nanzia. “Kutazama hakuchoshi.”

Mwalimu Msangi, mama mnene mwenye maneno machache, ndiye aliyefundisha baiolojia. Muhula huo alimpa kila mwanafunzi tuta dogo nyuma ya maabara na mbegu kumi za kunde. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, mwanafunzi amwagilie, apime miche kwa rula, aandike daftarini. Siku ishirini na moja. Na siku ya mwisho, kama ilivyokuwa desturi ya mwalimu huyo, kila mmoja angechuma majani ya tuta lake, yakatiwa kwenye sufuria moja, darasa zima likala mboga kwa ugali.

Tatizo, mazoezi ya netiboli nayo yalikuwa asubuhi ile ile.

Nakijwa hakuwa mvivu, msimsingizie. Siku nne za kwanza alitoka uwanjani mbio, akapima huku jasho likidondokea rula, akafika mstarini wa mwisho lakini akafika. Siku ya tano mwalimu wa michezo aliongeza mazoezi. Akajiambia, kunde ni kunde, zitakuwa zimeongezeka sentimita moja. Akaandika moja. Siku ya sita akaandika moja na nusu, maana usiku mvua ilinyesha.

Baada ya hapo hakukanyaga tena nyuma ya maabara. Uwanjani alijituma hadi magoti yakachubuka. Jioni alifanya hesabu, akafanya jiografia, akamaliza kila zoezi kwa mkono wake mwenyewe. Lile la kunde tu ndilo alilimaliza kwa kichwa. Na kunde zile zilistawi ajabu! Hazikupata kiu, hazikuungua jua. Siku ya kumi na nne aliandika: “Sentimita kumi na tisa. Nimeona wadudu wawili, nimewaondoa.”

Siku ya ishirini na moja ikafika. Sufuria ilikuwa inachemka mbele ya maabara. Wanafunzi walipita mmoja mmoja na majani yao, Nanzia na kifurushi chake kidogo, wengine na mafungu ya kujivunia. Saini zote za Nakijwa zilikuwa tayari. Ilibaki hii moja.

“Na wewe, mfungaji wetu?” aliuliza Mwalimu Msangi. “Tuta namba tisa?”

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Nimeuliza kunde.”

“Nilizichuma jana jioni, mwalimu. Nikampelekea mama. Alikuwa na wageni.”

“Zote?”

“Wageni walikuwa wengi.”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alifungua daftari, akasoma taratibu, akifuata kwa kidole mstari kwa mstari.

“Wadudu wawili. Uliwahesabu vizuri?”

“Vizuri, mwalimu. Nadhani walikuwa mume na mke.”

Mwalimu Msangi akaingia maabara, akatoka na kopo la maziwa lililokatwa mdomo. Ndani mlikuwa na mbegu kumi, kavu.

“Kuku wa mlinzi wa shule walilifukua tuta lako siku ya saba,” alisema. “Hawakubakiza hata kikonyo. Nikakuwekea mbegu hizi mezani kwangu, nikasema, mtoto atakuja asubuhi aniambie zimeliwa, nimpe aanze upya. Nimengoja siku kumi na nne. Sasa niambie, mwanangu, wageni wa mama yako wamekula nini?”

Nakijwa alizitazama mbegu ndani ya kopo. Mwalimu akaendelea.

“Basi la michezo linaondoka lini?”

“Baada ya siku tisa,” Nakijwa alisema chinichini.

“Na kunde zinataka siku ngapi?”

“Ishirini na moja.”

Mwalimu akalishika daftari juu ya mvuke wa sufuria. “Au tulitie hili? Maana humu ndimo zilimostawi.”

Nakijwa hakulia, hakumtazama Nanzia, hakutafuta mgeni mwingine wa kumsingizia. Alinyoosha mkono, akalipokea kopo, akalibana kifuani kama anavyobana mpira.

“Hapana, mwalimu,” alisema, safari hii kwa sauti iliyosikika kwa wote. “Kunde za daftari hazipikiki.”